Meno ya Mama Aoko

Kila asubuhi Malti alipanda basi pale Ruiru kwenda shuleni Thika. Njiani alimchagua abiria mmoja asiyemjua, akamchora kwa penseli. Jioni, katika karakana ya baba yake, Himatlal, aliyeandika mabango ya maduka, aligeuza mchoro huo kuwa picha ya rangi ya mafuta juu ya kipande cha ubao. Kondakta Jared alizoea kuwatania abiria: "Shukeni na sura zenu, msimwachie huyu."

Siku moja, mwaka wa 1958, mama mmoja wa shamba la mkonge aligundua kwamba anachorwa. Hakukasirika. Alisema anaitwa Aoko, akaomba apewe picha hiyo. Mama yake kule Kano, karibu na Kisumu, alikuwa akipofuka, na hawakuwa wameonana kwa miaka mingi. Jumamosi kaka yake, Opiyo, angesafiri kwenda nyumbani kwa gari la moshi. Aoko alitaka mama yake amwone kabla macho hayajazima kabisa.

Malti alifanya kazi kwa bidii, lakini alipofika kwenye kinywa alisita. Aoko alikuwa na tabasamu pana, ila meno ya mbele ya chini hayakuwapo. Malti alidhani ni ugonjwa. Kwa huruma, akampa safu nzima ya meno meupe.

Alhamisi alimpelekea picha basini. Aoko aliitazama hadi wakapita kituo cha Witeithie.

"Picha ni nzuri, mwanangu. Lakini huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Sisi Wajaluo tuling'olewa meno haya tulipokuwa tunakua. Siku yangu, mama ndiye aliyenishika mkono, nami sikulia. Akimwona huyu, atajua si mimi."

"Amekupa meno ya tangazo la dawa ya mswaki," Jared akasema, na basi zima likacheka, Aoko naye pia. Malti peke yake hakucheka.

Jioni Malti alirudi na picha karakanani, akataka kuutupa ubao. Himatlal aligusa rangi kwa kidole.

"Bado mbichi," akasema. "Rangi ya mafuta hukauka polepole. Shukuru. Chukua kisu, ukwangue kinywa tu."

"Nilitaka apendeze, Baba."

"Najua. Lakini ulimsahihisha mtu ambaye hakukosea. Usipoelewa unachokiona, uliza kwanza, kisha uchore ukweli."

Malti alikwangua na kupaka upya, safari hii akiliacha pengo mahali pake. Himatlal alitengeneza sanduku la mbao ili rangi isiguswe njiani. Ijumaa Aoko alilipokea, akacheka kwa furaha, na pengo likaonekana lilelile.

Opiyo aliporudi, Aoko alimletea Malti basini mfuko wa karanga kutoka Kano.

"Mama aliisogeza picha karibu na uso," akasema. "Akagusa pengo kwa kidole, akasema, 'Huyu ni wangu.' Ameniagiza nikushukuru."

Malti alizipokea karanga kwa mikono miwili, akamshukuru Aoko. Kisha akafungua daftari, akamgeukia mzee aliyeketi jirani.

"Shikamoo, babu. Naomba ruhusa nikuchore."