Msanifu Asiyetokwa na Jasho

Bisha. Kunja mikono, cheka kwa pua kama kawaida yako, mimi sina muda wa kukubembeleza. Ila ukimaliza kubisha, kajilaze chali mchana, saa ile nyumba nzima imesinzia na hata nzi wamechoka kuruka, uangalie dari na utege sikio. Ukisikia kitu kinaburuzwa juu yako taratibu, krrrrr, kama futi ya chuma inayojirudisha kwenye kikopo chake, omba usikie na ile tap ya mwisho. Ukikosa tap, ujue bado inapima; hama nyumba.

Injinia naye alikuwa mbishi kukuzidi wewe.

Hilo la Injinia lilikuwa jina la utani. Shule aliiacha mapema, mwenyewe husema shule ndiyo ilishindwa kumfuata, na kazi yake ilikuwa kupakia na kupakua bati kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Lakini mpe haki yake, bati alilijua. Alikuwa analigonga kwa kidole, anasikiliza, halafu anakwambia hili zito, geji ishirini na nane, lile wamekupakia rangi tu, upepo wa kwanza utalifanya tiara. Wateja walimsikiliza, na kila walipomsikiliza kifua kilimtanuka.

Tatizo lilikuwa nyumbani. Mtu wa bati, paa lake kutu tupu! Mvua ikinyesha, mkewe alipanga ndoo na masufuria sakafuni kama anayekaribisha wageni. Mama mkwe, aliyehamia kwao kwa sababu ya maumivu ya miguu, alihamishiwa kitanda kona hii na ile mpaka kona zikaisha. Hakulalamika hata siku moja. Alisema tu, "Msijali wanangu, mimi napenda ubaridi." Hilo lilimchoma Injinia kuliko tusi.

Jumapili moja akaja shemeji yake, kaka wa mkewe. Huyo amesoma, ana kazi ya kukaa mezani, na ulimi wake haujui likizo. Wako mezani wote wanne, tone likadondoka kutoka darini, moja kwa moja kwenye sahani ya mgeni.

"Shemeji," akasema huku anaangalia juu, "hapa tunakula au tunaoga?"

"Cheka," Injinia akajibu. "Cheka ushibe. Hilo paa lote linashuka. Nimeshaongea na msanifu majengo."

Mkewe akaacha kutafuna. "Msanifu? Mbona sijasikia?"

Hapo angeweza kusema natania. Neno moja tu. Lakini mama mkwe alikuwa ameinua uso, na uso wenyewe ulikuwa umefunguka kama dirisha. "Msanifu kabisa? Kwa ajili ya nyumba hii? Ubarikiwe, mwanangu."

Wewe ungerudi nyuma? Usinidanganye.

"Yukoje huyo?" shemeji akauliza, amefumba jicho moja.

"Mrefu. Shati jeupe, vifungo mpaka kooni. Hata kwenye jua la kukaanga hatokwi na jasho."

"Tumpigie simu basi tumsalimie."

"Hatumii simu. Ukimsifia vizuri, anafika mwenyewe."

"He! Huyo ni msanifu au jini?"

Wakacheka, na Injinia akacheka nao, halafu akaongeza lile ambalo angelipa chochote kulimeza. "Kwanza huyu hapimi kuta tu kama hao wenu. Anapima mpaka watu wa ndani. Nyumba inatakiwa imkae mtu kama nguo."

Wiki hiyo hakufunga mdomo. Dukani alimtaja, kwa kinyozi alimtaja, na kila alipomtaja alimnenepesha kidogo: ananuka mbao mbichi, hakanyagi kwa kelele, hanywi hata maji kwenye nyumba ya mteja. Jioni moja mkewe akasimama mlangoni na kunusa.

"Umeleta mbao?"

"Mbao zipi?"

"Nyumba nzima inanuka mbao zilizopasuliwa leo."

Injinia akanusa. Ilikuwa kweli. Akafungua madirisha, akasema labda ni jirani.

Msanifu alikuja mchana. Mke yuko kazini, mama mkwe kalala chumbani kwake, Injinia yuko uani anakunja bomba, jua limesimama juu ya kichwa na bati linalia kwa joto, na alipoinua macho mtu alikuwa ameshaingia getini bila geti kulia, mrefu, shati jeupe, vifungo mpaka kooni, paji la uso kavu kama ukuta uliopigwa lipu, na harufu ya mbao ikitoka kwake kama joto linavyotoka kwenye tanuri.

"Umenisifia," yule mtu akasema, kwa sauti ya chini. "Nimefika."

Miguu ya Injinia ilitaka kukimbia. Ni wakati huo jirani alipochungulia juu ya ukuta. "Injinia! Ndiye huyu msanifu wako? Kumbe ni kweli, mwenzangu, na sisi tulidhani unatupiga kamba!"

Na Injinia, badala ya kupiga yowe, alitabasamu. "Ndiye," akasema.

Basi wakapima. Msanifu alitoa futi ya chuma mfukoni, akaivuta, krrrrr, akaiachia, tap. Sebule. Jiko. Korido. Hakuandika popote. Alipomaliza akatoka alivyoingia.

Ndoo zilikuwa za kwanza kuonyesha mabadiliko. Mvua ilinyesha, na kwa mara ya kwanza hazikupata tone. Mkewe akapiga makofi, akamkumbatia, akamwita fundi wangu. Injinia akalipokea jina hilo huku akijua hakuna aliyepanda juu ya paa lile, na lile bati la kutu lilikuwa pale pale.

Halafu mama mkwe akaanza.

"Dari imenikaribia," alisema asubuhi moja.

"Ni macho, mama," binti yake akamwambia.

"Si macho. Nikilala siwezi kujigeuza. Kama nina ubao huku na ubao huku."

Wakamtazama akiwa usingizini. Alilala chali, mikono imebanwa ubavuni, miguu imenyooka pamoja, yeye aliyekuwa akijikunja kama mtoto. Pumzi zake zilikuwa fupi, kama za mtu anayepumulia ndani ya kitu. Na kila mchana, wenye nyumba wakinyamaza, juu ya dari msumeno ulianza kula mbao polepole, na halikuanguka hata vumbi.

Injinia alipanda. Tumpe na hilo. Aliondoa kipande cha dari kwenye korido, akachungulia na tochi, akaona kenchi za zamani, zile mbao zinazobeba paa, nyeusi kwa moshi na utando wa buibui, na katikati yake, pale hasa juu ya chumba cha mama mkwe, palikuwa na mbao mpya, nyeupe, zimepigwa randa mpaka zinang'aa, zimeungana pembe kwa pembe bila msumari hata mmoja, chumba kizima kirefu chembamba kisicho na mlango wala dirisha, ambacho mtu asingeweza kusimama ndani yake wala kukaa, na upande mmoja tu, ule wa juu, ulikuwa haujafunikwa.

Alishuka, akarudisha kile kipande cha dari. Mkewe alikuwa chini ya ngazi. "Umeona nini?"

"Panya," akasema.

Panya! Mwanamume mzima.

Ni mkewe aliyemwita mganga, baada ya mama yake kushindwa kuketi kitandani. Alikuja mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, na nyuma yake shemeji, safari hii bila utani mdomoni. Mganga hakuchoma kitu, hakuimba. Aliweka kiganja ukutani, kisha kwenye fremu ya mlango, akanusa.

"Huyu hakutumwa na adui," alinong'ona. "Huyu amesifiwa. Ana sifa mpaka vifungo vya shati. Mdomo uliomjenga uko humu ndani, na mdomo huo ndio utakaombomoa. Nani?"

Juu yao, krrrrr. Tap.

"Nani?" mkewe akarudia, na macho yake tayari yalikuwa kwa mume wake.

Injinia aliangalia vidole vya miguu yake. "Hakukuwa na msanifu," alisema. "Nilimtunga. Pale mezani."

"Sema kwa sauti," mganga akamwambia. "Hajasikia."

"Mbele ya..."

"Mbele ya wote. Umemsifia mbele ya wote."

Basi akasimama katikati ya sebule, akaelekeza uso darini, akapiga kelele hadi jirani akazima redio. "Sina msanifu! Sijawahi kuwa na msanifu! Mimi ni mpakia bati! Hata la kwangu nimeshindwa kulibadilisha!"

Kitu kizito kiliporomoka juu, mbao juu ya mbao, dari ikatikisika, ile harufu ikapita katikati yao kama mtu anayetafuta mlango, ikatoka. Walipochungulia walikuta kenchi za zamani na buibui wake.

Shemeji hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka. Alimgusa bega, akasema, "Tutabadilisha bati wote, shemeji," kwa upole kabisa, na Injinia akatamani ardhi impokee. Mkewe alikwenda uani, akarudi na zile ndoo, akaanza kuzipanga moja moja mahali pake pa zamani.

Ukimkuta Injinia leo, hadithi yake inaishia hapo, jini limekimbia, bati jipya liko juu, geji ishirini na nane, njoo ugonge mwenyewe.

Lakini kuna kipande nimekiruka. Nimekiruka kwa sababu hata yeye alikiruka, mbele ya mganga na mbele ya mkewe. Nilikwambia walipima sebule, jiko na korido. Hawakuishia kwenye korido.

Msanifu alisimama mbele ya mlango wa mama mkwe, akausukuma, akamnyooshea Injinia ncha ya futi. "Shika hapa."

Hakuna mkwe anayeingia mahali mama mkwe amelala. Hilo halihitaji shule. Lakini Injinia aliingia, kwa vidole vya miguu, akapiga magoti upande wa nyayo, nyayo kavu zenye visigino vilivyopasuka, akaishika ile ncha kwa kidole gumba na cha shahada. Msanifu akaivuta mpaka utosini. Angeweza kuiachia. Ila aliogopa ikijirudisha kwa kelele mama ataamka na kumkuta chumbani, basi akaikaza zaidi. Tangu siku ile vidole hivyo viwili havikufunguka. Kwa watu alisema amebanwa na bati.

Na mama mkwe, hata mganga alipokwisha kuondoka, hata chini ya bati jipya, aliendelea kulala chali, amenyooka, hawezi kujigeuza.

Mchana mmoja Injinia alisimama mlangoni mwake, macho chini. "Mama, kuna kitu sikusema."

Akamwambia. Yote. Alipomaliza, yule mama aliinua macho darini.

"Uliingia nimelala?"

"Niliingia, mama."

"Nilikuwa nimejifunika?"

"Ulikuwa umejifunika, mama. Vizuri kabisa."

Akafumba macho. "Basi achia, mwanangu. Achia sasa."

Aliinua ule mkono, akaviangalia vile vidole viwili vilivyobana hewa, na polepole, kwa maumivu ya mtu anayeng'oa msumari uliopinda, akavifungua. Juu ya dari kitu kikaanza kukimbia, kutoka upande wa miguu kuelekea kichwani, krrrrr, kirefu, kirefu. Mama mkwe akavuta pumzi ndefu. Akajigeuza ubavu, akakunja magoti, akalala.

Injinia alibaki amesimama, shingo juu, anangoja ile tap.

Anaingoja mpaka leo.