Dada wa Kuleta Spika

Mteja alisema atafika saa nne. Saa sita mwanamke alikuwa bado amesimama kwenye lango la stendi, jinzi yake ina madoa ya lehemu, spika mbili kubwa ziko miguuni, watu wanampiga vikumbo. Alipiga simu mara ya nane. Imezimwa.

"Mbwa wewe!" akaiambia simu.

"Mimi au yeye?" Kinyozi wa pale stendi alikuwa ametoka kibandani kwake, koti lake jeupe limejaa nywele za watu.

"Yeyote aliye karibu."

"Basi mbwa anauliza, hizo spika zinalia?"

"Kuliko mama mkwe wako. Nimezitengeneza mwenyewe."

"Sina mama mkwe. Natafuta."

Akazichomeka kwenye redio ya kinyozi. Besi ikatikisa vioo. Kinyozi akazinunua bila kuomba apunguziwe, na tangu hapo simu hazikuisha.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula moshi wa lehemu."

"Nakuletea chakula, malkia wa nyaya."

Miezi mitano ikapita kwa raha. Kisha kioo cha simu ya mwanamke kikapasuka, akamwomba kinyozi amtunzie kwa wiki moja ukurasa wake wa mtandaoni wa kuuzia vifaa vilivyotumika. Vikatoka haraka ajabu. Alifurahi, mpaka siku aliyompelekea amplifaya mzee mmoja mwenye kofia.

"Waya huu unaingia hapa."

"Acha, binti, usije ukaiunguza. Nitamuuliza fundi."

"Fundi ni mimi."

Mzee akacheka, akamwonyesha tangazo kwenye simu yake: *Fundi ni mimi, mwanamume wa miaka kumi kazini. Dada ataleta mzigo tu.* Chini yake, namba ya kinyozi.

Aliingia kibandani bila hodi. Mteja alikuwa kitini, povu shavuni.

"Miaka kumi kazini! Taja kitu kimoja kilichomo ndani ya amplifaya. Kimoja!"

"Mpenzi, nilitaka kukusaidia. Wakijua ni mwanamke wanakudharau."

"Ukaona uwasaidie kunidharau? Vidole hivi vimeungua miaka tisa, wewe umevifanya vya kubebea mizigo! Halafu unaniita malkia!"

Kinyozi akageukia shavu la mteja. Wanaume wa namna hii wamejaa: faraghani wanakusifu, hadharani wanakufunika.

Siku kumi na moja mwanamke hakupokea simu zake. Ya kumi na mbili, mzee wa kofia, baada ya kuulizia mwenye ile namba, akaingia kibandani na amplifaya yake.

"Fundi, inanguruma. Itazame."

Watu wamejaa kwenye benchi. Kinyozi akaitazama kama mbuzi aliyepigiwa gitaa.

"Mzee, nilidanganya. Mimi najua vichwa tu. Fundi ni yule uliyemcheka. Twende ukamwombe radhi, na mimi nina yangu ya kuomba."

Mwanamke aliwapokea bila kuwakaribisha kiti. Akachomoa waya mmoja, akauhamisha. Ngurumo ikakoma.

"Ndio ule niliokuonyesha."

Mzee akavua kofia, akaomba radhi, akaenda zake. Kinyozi akabaki.

"Tangazo nimelifuta. Nisamehe. Nataka kukuoa."

"Wajomba zangu wakikuuliza nafanya kazi gani?"

"Fundi wa spika na amplifaya."

"Wakicheka?"

"Tutaondoka."

"Tuondoke kwetu twende wapi? Utarudia, kwa sauti."

"Nitarudia."

Mwanamke akavuta redio nyingine mezani, akamshikisha kurunzi.

"Mulika hapa," akasema. "Jumamosi nitakupeleka kwa wajomba."