Kilio cha Dakika ya Tatu

Mbuzi alikuwa amekwisha kukatwa kichwa, na bado alikuwa akilia.

Rahim, mchinjaji wa Kianjai, alikitazama kichwa pale juu ya jani la mgomba. Midomo ilikuwa imefumbwa. Kilio kilitoka hewani, juu kidogo ya damu, chembamba, kama chuma kikikwaruzwa kwa chuma. Rafiki yake Murungi aliruka kwa furaha, maiki mkononi.

"Ni hiyo! Msee, ni hiyo kabisa!"

Miaka miwili walikuwa wakibishania wimbo mmoja wa roki, wa bendi ya zamani ya Meru iliyorekodi huo mmoja tu ikapotea. Dakika ya tatu magitaa hunyamaza, kisha kinasikika kilio ambacho hakuna aliyejua kilitengenezwaje. Kiende, dada yake Murungi mwenye kibanda cha chai Nchiru, alisema ni kanda iliyochezwa kinyumenyume. Murungi alisema ni kisu juu ya nyuzi. Rahim, aliyesikia makoo mengi maishani mwake, aliapa kwamba ni mbuzi.

"Basi turekodi mmoja," Murungi akasema. "But wewe usiongee. Hata neno moja. Utaharibu rekodi."

Na Rahim, mtu mzima, aliyefundishwa na babake kwamba kisu hakigusi koo kabla ya bismillahi, akakubali! Alijiambia ataitamka moyoni. Taa nyekundu ya mashine ikawaka, akatega sikio kama shabiki, akasahau. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Heri lingekuwa guu tu. Damu isiyotajiwa jina la Mungu hupata mwenyewe mwingine.

Kesho yake, saa nne asubuhi, Kiende alipiga simu akinong'ona.

"Rahim, kuja Nchiru. Murungi amejifungia na hiyo sauti tangu jana. Nimechomoa stima ya nyumba yote na bado inalia. Na chumba inanuka damu."

Rahim alimpitia Mwalimu Idrisi wa msikitini, mzee mkali asiyependa muziki wa aina yoyote, akamweleza njiani jinsi alivyomchinja mbuzi kimya. Huko Nchiru waliuvunja mlango wa chumba cha Murungi kwa mabega. Jua lilikuwa limejaa chumbani, na katikati ya jua hilo Murungi alikuwa ameketi mbele ya spika, uzi wa gitaa umezungushwa shingoni mwake, akiuvuta kwa mikono yote miwili huku akitabasamu, na kadiri alivyovuta ndivyo kilio kilivyopanda, na Kiende akarukia ule uzi ukamkata vidole, na harufu ya machinjioni ikawajaa puani.

Idrisi alianza kusoma kwa sauti kubwa. Mikono ya Murungi ikasimama. Kinywa chake kikafunguka, na aliyezungumza hakuwa Murungi.

"Bendi ile ilinilisha bila jina, nikaimaliza. Na ninyi mmenilisha bila jina. Huyu ni wangu."

"Rahim!" Idrisi akafoka. "Lile jina ulilomnyima mbuzi, litamke sasa! Wewe ndiye uliyeshika kisu, mimi siwezi kukusemea."

Rahim alipiga magoti. Alimpenda Murungi kuliko ndugu zake wa damu, na hakuwahi kumwambia. Aliweka kiganja kwenye shingo yenye moto, akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Kikatoka kile kilio.

Alijaribu tena. Kilio tena, kirefu zaidi, na Murungi akacheka na kuanza kuvuta upya.

"Sema, Rahim!" Kiende alilia, damu ikimchuruzika viganjani. "Si ni neno moja tu! Sema!"

Moyoni alikuwa akiitamka bismillahi, tena na tena, kwa nguvu zake zote. Uzi ukazama shingoni mwa Murungi.