Kuku Sita wa Donat

Kuku mmoja alichoropoka kwenye kizimba nyuma ya baiskeli, akaruka meza za samaki, akatua begani kwa Laurentine. Ilikuwa Jumamosi, mwaka 1954, soko la Kamalondo limejaa tele, na Laurentine amevaa kitenge kipya cha buluu. Wa kulaumiwa ni nani? Kuku, labda.

"Aba! Kuku yako inachafula nguo yangu!"

"Pardon, mama. Ye pia anajua kuchagula," alijibu Donat, mwenye baiskeli, mchanganya chakula cha kuku kwenye ferme, shamba la Mzungu mmoja, njia ya Kasapa.

Laurentine akacheka. Mapenzi yakaanzia hapo.

Miezi minne baadaye Donat alipeleka zawadi ya kwanza ya posa kwa Baba Alphonse, babake Laurentine, fundi wa reli: kuku sita weupe. Akajigamba kwamba watatoa mayai matano kila siku. Si angenyamaza tu! Wiki ya tatu mayai yalikatika. Wiki ya sita kuku walikuwa wakinyofoana manyoya, migongo wazi.

"Masalio ya Mzungu hii," alisema Baba Alphonse. "Anatuzarau. Barudishe. Ndoa hakuna."

Laurentine alibeba kizimba mpaka ferme, macho mekundu.

"Donat, ulisema bongo, ulitudanganya?"

"Mi? Hapana, chérie. Unabakulisha nini?"

"Muhindi. Ile nyeupe ya unga ya bukari yetu, minatwanga miye mwenyewe kila asubui. Paka muhindi tu, bila kitu ingine! Minabachunga sawa vile minakupenda."

Donat akaangua kicheko. Laurentine akamzaba kofi.

"Pole, pole! Muhindi inabanonesha tu. Mayai na manyoya inatoka mu samaki, mu karanga, mu badudu. Kuku akikosa, anatafuta ku mugongo ya mwenzake. Kosa ni yangu. Ile chakula minachanganya kila siku, na sikukuambia."

"Juu ya nini?"

"Nilikuwa naangalia paka weye."

Laurentine alirudi nyumbani na kuku wale wale. Akamlilia baba yake mpaka akapewa muda: mwisho Pasaka, na Donat asionekane pale nyumbani. Basi akatwanga vichwa vya ndakala, dagaa wakavu, na mashudu ya karanga, akaokota mchwa baada ya mvua. Alimkumbuka Donat vibaya sana, na hakumficha mtu.

Wiki moja kabla ya Pasaka, Baba Alphonse aliinua kofia yake ya reli iliyoanguka nyuma ya mlango. Ndani mlikuwa na yai, bado la moto. Kesho yake yakapatikana matatu.

Jumapili alivaa koti, akapanda baiskeli mpaka ferme. Donat alikuwa na unga wa samaki hadi viwikoni.

"Donat. Kuku nabakia nabo."

"Ndiyo, baba," alisema Donat, akainamisha kichwa.

"Mutoto yangu mwanamuke, kuya umukamate."