Nyimbo za Babu Fundi

Kila Jumamosi asubuhi Chapchap na mama yake walikwenda nyumba ya wazee kumwona babu. Jina hilo la Chapchap mtoto alipewa na wenzake darasani, kwa sababu humaliza kazi kabla mwalimu hajamaliza kuieleza, na nusu yake huwa makosa.

Babu alikuwa fundi cherehani hodari, lakini ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemwingia. Mwezi ule aligoma kula. Kijiko kikikaribia, anafumba mdomo ndi! Daktari alisema asipokula hadi Jumatatu atalazwa hospitali, alishwe kwa mpira puani. Chapchap akiufikiria mpira ule, machozi yalimlengalenga.

Muuguzi, mama mnene mcheshi, aliamini muziki utasaidia. Wiki iliyotangulia alimpa Chapchap fomu. "Mwanangu, kamuulize bibi yako nyimbo alizopenda babu ujanani. Tutamwekea wakati wa kula."

Bibi, dada yake babu, alikaa mtaa wa pili, na akianza kusimulia hamalizi. Ya nini taabu yote hiyo? Chapchap akajaza nyimbo tano anazozipenda mwenyewe, akairudisha fomu.

Basi Jumamosi hii supu ikaletwa, muuguzi akawasha spika. Ikanguruma! Babu akaruka kitini.

"Wezi! Wanavunja mlango!"

Bakuli likapaa, supu ikamwishia muuguzi kifuani. Mzee wa kitanda cha jirani, ambaye siku zote husinzia, akasimama na mkongojo wake akaanza kukata kiuno.

"Ajabu," alisema muuguzi akijitoa karoti shingoni. "Hizi ndizo alizotaja bibi yako?"

Chapchap angeweza kuitikia tu. Lakini babu alikuwa akitetemeka, na moyo ukamsuta mtoto.

"Hapana, mama muuguzi. Sikumuuliza. Nilijaza zangu."

Mama yake akamkata jicho. "Kwa bibi. Sasa hivi!"

Bibi alisimulia saa mbili nzima, na Chapchap akaandika kila neno.

"Redio? Kaka yangu hakuwa na habari nayo," alisema bibi. "Aliimba mwenyewe huku akikanyaga cherehani, akiwatania wateja wenye vitambi. Sikiliza."

Alimrudisha Chapchap mwanzo tena na tena mpaka wimbo ukamkaa kichwani. Jioni ile ile mtoto akaketi mbele ya babu, akakanyaga sakafu kama pedali, akaimba:

"Vuta pumzi, bwana mkubwa, tumbo lirudi ndani!
Kitambaa mita mbili, je, wewe mita ngapi?"

Miguu ya babu ikaanza kukanyaga. Mara akadakia. Kila alipofungua mdomo kuimba, muuguzi alitia kijiko. Akaimba, akameza, akaimba, hadi bakuli likawa jeupe. Kisha akamtazama muuguzi juu mpaka chini.

"Wewe, mama, mita nne."

Muuguzi alicheka hadi akashika ukuta.

Jumatatu daktari alimkuta babu kwenye bakuli la pili. Safari ya hospitali ikafutwa. Chapchap alipopita baada ya shule na kulisikia hilo alilia kwa furaha, na muuguzi akamvuta kando.

"Ugonjwa huu unamnyang'anya babu yako mambo yake kila siku," alimwambia. "Ukimbunia mengine, unausaidia ugonjwa. Ukikubali taabu ya kuuliza na ukasema kweli, unamsaidia babu."