Kikapu cha Shangazi Lesieli

Meli ya watalii ikiwa bado mbali, Lesieli alikuwa ameshatandika mkeka wake kwenye gati la Vuna, pale Nuku'alofa, mji mkuu wa visiwa vyao. Alipanga vikapu vyake vya majani ya mkadi, vikubwa nyuma, vidogo mbele. Kando yake aliketi Toakase, aliyeuza shanga za kombe na maneno mengi ya bure.

Watalii waliposhuka, wanawake wengi walikumbatia mikoba yao kifuani. Walitabasamu, waliuliza bei, lakini mkono mmoja haukuachia mkoba. Lesieli alikuwa ameliona jambo hilo kwa miaka thelathini. Hakumwambia mtu, ila lilimuuma.

"Ipo siku nitaingia mle ndani," alimwambia Kalolaine, binti wa kaka yake. "Nione wanalala wapi, wanakula nini."

Kalolaine alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Neno hilo aliliweka moyoni. Shangazi yake alipokaribia miaka sabini, ndugu walikaa wakakubaliana wampandishe meli. Watu saba wangeruka hadi Auckland, walale hotelini siku mbili, kisha wapande meli. Meli ingezunguka visiwani, ingepita Nuku'alofa penyewe, halafu ingewarudisha Auckland wapande ndege ya nyumbani.

Toakase alicheka akashika mbavu.

"Yaani mnakwenda Auckland ili mje Nuku'alofa? Si ubaki hapa hapa, mimi nikusukume kwa mtumbwi?"

"Mtumbwi wako unavuja kama mdomo wako," Lesieli alimjibu.

Katika ukoo wao shangazi alikuwa juu ya baba. Arusini alipewa mkeka ulio bora, msibani alikaa mahali pa heshima. Na safarini hakushika kitu. Mtu akionekana na shangazi yake aliyebeba mzigo, hakuna atakayeuliza kama mama alitaka mwenyewe. Watasema tu kwamba nyumba ile haina adabu. Basi tangu walipotoka nyumbani, mkoba wa Lesieli ulikuwa mikononi mwa Kalolaine. Ndani yake mlikuwa na pasipoti, tiketi ya meli na vidonge vya presha.

Walitua Auckland saa tano asubuhi. Binamu yao Vaha, aliyeishi mtaa wa Māngere, aliwapokea kwa pikapu. Wakakodi na teksi mbili. Watu wakaingia kwenye teksi, masanduku yote yakapakiwa kwenye pikapu. Ndani ya teksi walibanana sana. Mahali pekee pa kuweka mkoba palikuwa chini, miguuni pa watu. Mkoba wa shangazi uwekwe miguuni? Kalolaine alishuka mbio, akauweka kwenye kiti cha mbele cha pikapu, juu ya mkeka uliokunjwa. Aliporudi alijiona ametenda jambo la adabu kweli.

Teksi zilifika hotelini mjini. Msichana wa mapokezi akaomba pasipoti. Sita zilikuwepo. Ya Lesieli ilikuwa kwa Vaha.

"Yuko nyuma yetu tu," Kalolaine alisema.

Vaha hakuwa nyuma yao. Alikuwa amepita nyumbani kwake kuchukua sufuria ya chakula, na hapo ndugu wengine wakamkuta, kila mmoja na zawadi yake. Simu yake ilikuwa imezimika. Saa moja ikapita, ikapita ya pili.

Lesieli alikaa kwenye kochi la mapokezi, mikono mitupu mapajani. Asubuhi hakumeza dawa kwa sababu waliondoka kabla ya kula. Alitarajia kumeza wakifika.

"Shangazi, unaumwa?" Kalolaine aliuliza.

"Sijambo, mwanangu."

"Huo si uso wa mtu asiye na neno."

"Kichwa tu. Na hizi taa zao zinazunguka."

Wakati huo mwanamke mmoja wa makamo alikuwa akiingiza masanduku ya wageni wengine. Jina lake Wikitoria, Mmaori, mwenyeji wa asili wa hapo hapo mjini. Kwa miaka kumi na minane aliendesha basi dogo lenye tela, akipeleka vikundi vya watu hotelini, bandarini na uwanja wa ndege. Alimtazama Lesieli mara moja tu, akaacha sanduku alilolishika.

"Mama huyu ana nini?"

"Presha. Dawa zake ziko kwenye gari jingine."

"Gari jingine liko wapi?"

Kalolaine aliinua simu, akapiga tena. Wikitoria alimgeukia msichana wa mapokezi. "Mwite daktari sasa hivi. Maneno mengine baadaye."

Daktari alikuja, akapima, akakunja uso. Aliwaambia wampe mama maji na alale. Alipokuwa bado anafunga begi lake, Vaha aliingia na sufuria, amejaa furaha. Hakuna aliyeitikia salamu yake. Daktari alisoma kibandiko cha vidonge vilivyokuwa mkobani, akampa Lesieli avimeze.

"Nitarudi keshokutwa asubuhi," alisema. "Presha hii isiposhuka, mama, hupandi meli."

Lesieli alitikisa kichwa polepole. Kalolaine alitoka nje, akalia nyuma ya nguzo.

Wikitoria alimfuata na kikombe cha chai. Alingoja mpaka machozi yakaisha.

"Mko wangapi, dada?"

"Saba."

"Sikuulizi watu. Watu wana miguu yao. Mizigo mingapi?"

Kalolaine alihesabu kwa vidole. "Tulitoka nyumbani na kumi."

"Na sasa?"

Walikwenda kuhesabu. Masanduku kumi yalikuwepo. Lakini palikuwa na maboksi manne ya ndugu wa Māngere, ndoo ya magimbi, na bunda la nguo za magome ya miti lililomzidi mtu urefu.

"Kumi na sita," Kalolaine alisema kwa aibu. "Na kesho wengine watakuja kuaga. Huwezi kukataa zawadi."

"Usikatae. Ila hesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Maboksi na nguo abaki nayo huyu binamu, awaletee uwanja wa ndege siku ya kurudi. Magimbi kuleni leo, melini hawayapokei. Yale kumi yafungeni utepe wa rangi moja. Mtu mmoja ayahesabu yakipakiwa, huyo huyo ayahesabu yakishuka. Na muende kwa gari moja, watu na mizigo pamoja. Mkigawanyika, lazima kitu kitapotea, na hakipotei kisichohitajika."

Kalolaine aliandika. "Tukifika bandarini?"

"Mlangoni wapagazi watachukua masanduku yote. Hamtayaona tena mpaka jioni, kwenye mlango wa chumba. Kati ya hapo mtaulizwa pasipoti na tiketi. Nilimpeleka bwana mmoja, mtu na akili zake. Pasipoti aliiweka ndani ya sanduku. Sanduku lilisafiri, yeye akabaki."

Kalolaine alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile. "Basi zote nitashika mimi."

"Shika yako. Kila mtu ashike yake na dawa zake, mwilini mwake."

"Shangazi hashiki kitu."

"Kwa nini?"

"Ni shangazi."

Wikitoria hakucheka. Kwao pia walikuwapo wazee ambao hawaguswi. "Nakuelewa. Lakini mlango ule watu hupita mmoja mmoja. Wewe wakikupeleka foleni nyingine, yeye atabaki na nani?"

Kisha aliuliza ndege ya kurudi ni saa ngapi. Kalolaine alisema saa nne asubuhi.

"Badilisheni. Meli itafika alfajiri, ndiyo, lakini watu hushushwa kwa zamu. Mtatafuta masanduku, mtapita ukaguzi. Saa nne ndege itakuwa juu ya vichwa vyenu. Tafuteni ya saa nane mchana."

Hayo yote yalikuwa mepesi. Zito lilikuwa moja: nani amwambie Shangazi ashike vitu vyake mwenyewe? Semisi, baba yake Kalolaine, hakuweza kulisema. Kwa mila yao, yeye kama kaka hakuketi hata benchi moja na dada yake, wala hakumwambia neno ana kwa ana. Kalolaine naye alikuwa mtoto tu mbele ya shangazi.

Siku ya pili aliingia chumbani kwa Lesieli, akaketi sakafuni.

"Shangazi, nina kosa."

"Sema."

"Mkoba wako niliutunza kuliko nilivyokutunza wewe."

Kalolaine akaendelea. Alimweleza habari za mlango wa bandari na za bwana aliyeachwa. "Baba hawezi kukwambia. Mimi sistahili kukwambia. Lakini jana nilinyamaza kwa heshima, karibu nikuzike."

"Niende na mkoba begani kama mpagazi? Mbele ya watoto wa kaka yangu?"

"Uamuzi ni wako, Shangazi. Nimetoa lililokuwa moyoni."

Lesieli aligeukia ukutani. Kalolaine alitoka asijue kama amesamehewa au amelaaniwa.

Asubuhi iliyofuata daktari alipima mara mbili. "Imeshuka," alisema. "Nenda kasafiri, mama. Dawa usikose."

Basi la Wikitoria lilikuwa nje na tela lake. Masanduku kumi yenye utepe mwekundu yalipakiwa, Kalolaine akihesabu kwa sauti. Semisi alikaa mbele na dereva ili amwachie dada yake nafasi nyuma. Kisha mlango wa hoteli ukafunguka. Lesieli alitoka amevaa mkeka wake wa kiunoni, vazi la heshima. Mkononi alikuwa na kikapu kidogo cha mkadi, cha vile vinavyokaa safu ya mbele, ambacho alikuwa amekileta kiwe zawadi kwa mke wa Vaha.

Semisi aliinamisha macho. "Kalolaine," alisema, "mwambie dada nitambebea."

"Mwambie baba yako abebe masanduku," Lesieli alisema. "Hiki kina mwenyewe."

Njiani alimwuliza Wikitoria, "Wote wanaopanda meli huambiwa hivi? Washike wenyewe?"

"Wote, mama. Hata wakishuka kutembea mjini wanaambiwa wasiachie."

Lesieli aligeukia dirisha. "Miaka thelathini," alisema peke yake. Kalolaine hakuelewa.

Bandarini masanduku yalishuka kumi. Wapagazi wakayachukua. Mlangoni afisa mmoja aliwapeleka wazee kwenye foleni yao, na Kalolaine akajikuta upande mwingine wa kamba, mbali. Alimwona shangazi yake amesimama peke yake mbele ya meza. Lesieli alifungua kikapu, akatoa pasipoti, akatoa tiketi. Afisa akaangalia, akampisha. Lesieli hata hakugeuka nyuma kumtafuta mtu.

Siku ya tano baharini, asubuhi, meli ilitia nanga kwenye gati la Vuna. Lesieli alishuka ngazi taratibu, kikapu kifuani, mikono miwili juu yake. Toakase ndiye aliyemwona kwanza.

"Karibu, mgeni," alisema kwa sauti ya kuuzia. "Mbona umekumbatia kikapu hivyo? Waogopa tutakuibia?"

Wauzaji wote wakacheka. Lesieli hakucheka. Alikaa kwenye mkeka wa Toakase, akafungua kikapu, akatoa kimoja kimoja.

"Hii pasipoti. Hii kadi ya kuingilia melini. Hizi dawa. Vikipotea hivi, meli inaondoka bila mimi."

"Kwa hiyo wale..." Toakase alikwama, na kukwama si desturi yake. "Wale wote, miaka yote hii, walivyokuwa wanabana mikoba..."

"Labda mmoja wawili walituogopa. Wengine walikuwa wanaogopa kuachwa."

Toakase alichezea shanga zake. Semisi, aliyesimama mbali kama ilivyompasa, alivua kofia akajifuta uso.

Mama mmoja wa Kizungu alikuja mbele ya mkeka, mkoba kifuani, akiinama kupekua shanga kwa mkono mmoja. Kwa kawaida Toakase angeanza maneno yake. Safari hii alisogea, akampigia mkeka kofi mahali pa kukaa.

"Keti, mama," alimwambia. "Shika mkoba wako vizuri. Shanga nitakufungia mimi."