Siku Vyombo Vilipotolewa Nje

Jemimah na mumewe Obwocha waliishi karibu na Nyaramba. Walikuwa na shamba la chai, migomba na ng'ombe wawili. Asubuhi Jemimah alichuma chai, na Obwocha akaibeba hadi kituo cha kupokelea chai. Aliyebaki nyumbani kupika ni Kemuma, mama yake Obwocha. Alikuwa mzee sasa, lakini ugali wake wa wimbi ulisifiwa na majirani wote.

Mwaka huo wa 1972, Obwocha alinunua mabati. Alitaka kuitengeneza upya nyumba ya kupikia. Nyasi za paa zilikuwa zimeoza, na hapakuwa na dirisha hata moja. Fundi Nyamongo aliahidi kuanza kazi Jumatatu.

Ndani ya nyumba hiyo hapakuwa na pa kukanyaga. Palikuwa na vyungu, vibuyu, vikapu vilivyotoboka na magunia ya mbolea. Nyuma ya magunia, kuku alikuwa akilalia mayai. Moshi ulijaa kila mahali.

Alhamisi jioni, Kemuma alipika chinsaga, zile mboga chungu kidogo ambazo hutiwa maziwa. Alinyoosha mkono kwenye ubao wa ukutani, akachukua chupa ya maziwa, akamimina chunguni. Bochaberi, mtoto wa Jemimah wa miaka mitano, alikuwa ameshika bakuli lake tayari.

Jemimah aliingia na kuni. Akasimama.

"Mama, hiyo harufu ni ya nini?"

"Harufu gani?" Kemuma aliuliza. Moshi ulikuwa umemziba pua.

Jemimah alichukua ile chupa, akainusa. Haikuwa maziwa. Ilikuwa dawa ya kuua kupe wa ng'ombe. Alimvuta Bochaberi nje, akaliosha bakuli lake na kumnawisha mikono kwa sabuni, ingawa mtoto hakuwa ameonja kitu.

Obwocha alikuja mbio. Alichimba shimo mbali na mto, akafukia zile mboga pamoja na chungu chake. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, macho yako yamechoka. Kuanzia leo usipike tena."

Kemuma aliinuka. Aliingia chumbani kwake, akajilaza. Siku ya pili hakutaka hata uji.

Ijumaa hiyo alifika Bathsheba. Huyu alikuwa mwalimu wa maendeleo, aliyewatembelea akina mama kwa baiskeli na kuwafundisha mambo ya nyumba. Jemimah alimweleza yote.

"Nionyeshe mahali penyewe," Bathsheba alisema.

Walisimama mlangoni. Bathsheba alipangusa macho kwa sababu ya moshi.

"Chupa ya maziwa hukaa wapi?"

"Pale kwenye ubao."

"Na ya dawa ilikuwa wapi?"

"Pale pale," Jemimah alijibu polepole.

"Mimi naona vizuri, hata sindano naitia uzi bila miwani. Lakini humu sioni kitu. Nani aliweka dawa pale?"

Obwocha alikuwa amesimama nyuma yao. Alitazama chini.

"Ni mimi, mwalimu. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilifikiri nitaiondoa asubuhi."

"Dawa ya kupe ikichanganywa na maji huwa nyeupe kama maziwa," Bathsheba alisema. "Hata mimi ningekosea. Usiitie katika chupa ya maziwa wala ya soda. Iache katika mkebe wake wenye maandishi. Uifungie sandukuni, mbali na chakula na watoto. Na mafuta ya taa vivyo hivyo."

"Fundi akimaliza tutapata nafasi kubwa," Jemimah alisema.

"Mkirudisha vitu hivi vyote, nafasi itakwisha kabla ya mwezi kwisha. Toeni kila kitu kwanza. Halafu mkiulize kila kimoja kinafanya kazi gani jikoni."

Obwocha aliondoka. Alikwenda chumbani kwa mama yake, akaketi kwenye kigoda.

"Mama, kosa lilikuwa langu, nami nikakutwika wewe. Nisamehe. Tunataka kutoa vyombo nje, na wewe ndiye unayevijua. Tuongoze."

Kemuma alimgeukia. Kisha akaketi kitandani.

"Na nani atakayebeba yale magunia?" aliuliza.

"Mimi."

"Basi niletee uji kwanza."

Jumamosi, siku yao ya Sabato, walikwenda kanisani. Jumapili, umande ulipokauka, kazi ilianza. Jemimah alitandaza mikeka uani. Kemuma aliketi katikati kama hakimu, na kila kitu kilipita mbele yake. Vyombo vya kila siku viliwekwa upande mmoja. Vyombo vya wageni na sherehe viliwekwa upande wa pili. Mbolea, majembe na mafuta ya taa vilipelekwa kwenye banda, kwa sababu havikuwa na kazi jikoni. Kuku naye alihamishwa pamoja na mayai yake, akalalamika njia nzima.

Obwocha alipoinua gunia la mwisho, alisimama akaduwaa. Jembe lake jipya lilikuwa limelala ukutani. Alilikosa tangu wakati wa kupalilia mahindi. Kwa miezi mitatu hakumsalimu jirani yake Onyancha, kwa kudhani kwamba ndiye aliyelichukua.

Alivaa kofia yake.

"Unakwenda wapi?" Jemimah aliuliza.

"Kwa Onyancha. Kuna neno ninalopaswa kumwambia."

Baada ya muda kidogo alirudi. Onyancha alikuwa naye, amekunja mikono ya shati, anacheka.

"Nimekuja kusaidia kutafuta," Onyancha alisema. "Nina ndama aliyepotea mwaka jana. Labda naye yumo humu."

Kemuma alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso.

Kisha kilikuja kibuyu kikubwa chenye ufa. Jemimah alikipeleka kwenye takataka. Kemuma alimshika mkono.

"Hicho hapana. Watoto wangu wote walinyweshwa uji kwa kibuyu hicho."

"Lakini mama, kinavuja."

"Najua kinavuja."

Jemimah alimtazama Bathsheba, ambaye alikuwa amekuja kusaidia.

"Si lazima kitupwe," Bathsheba alisema. "Ila hakipiki wala hakihifadhi chakula. Kwa hiyo kisikae jikoni."

Jemimah alifikiri. "Tukitundike chumbani kwako, mama. Utakiona kila unapoamka."

"Hapo sawa," Kemuma alisema. Baada ya hapo alitoa vitu kwa mkono mwepesi. Vikapu vitatu vilivyooza aliviamuru motoni yeye mwenyewe.

Fundi Nyamongo alifanya kazi siku tisa. Aliezeka mabati, akatoboa dirisha upande wa jua la asubuhi na kukandika kuta upya. Alijenga jiko la mawe na udongo lililofika kiunoni, ili mpishi asiiname, na bomba la kutolea moshi. Alipotaka kupigilia rafu juu sana, Kemuma alinyoosha mkono wake.

"Mkono wangu unafika hapa," alisema. "Pigilia hapa."

Kuta zilipokauka, Jemimah alitaka kurudisha vyombo vyote mara moja. Bathsheba alimzuia.

"Leo ingizeni vile mnavyopikia leo tu. Kesho mkihitaji kingine, kileteni. Baada ya wiki mbili mtazame vilivyobaki nje."

Wakafanya hivyo. Kati ya vyungu kumi na kimoja, vinne tu viliingia. Viwili waliviweka kwa ajili ya wageni. Vilivyobaki Kemuma alimpa bi harusi mpya wa jirani, ambaye alikuwa na sufuria moja tu.

Kemuma alirudi jikoni kwake. Mwanga uliingia, na kikohozi chake kilipungua. Kila kitu kilikuwa na mahali pake. Chumvi ilikaa karibu na jiko. Unga ulikaa katika debe lenye kifuniko, panya wasiufikie. Maziwa yalikaa peke yake. Ufunguo wa sanduku la dawa alikaa nao Obwocha, naye hakusahau tena kulifunga.

Jumapili moja Bathsheba alileta kikundi cha akina mama kutazama. Alitaka kuwaeleza, lakini Kemuma alikwisha kuanza.

"Msianze na mabati," aliwaambia. "Anzeni kwa kutoa."

Bathsheba aliketi kwenye kigoda, akasikiliza kama wengine. Wageni walikula ugali wa wimbi na chinsaga, wakaomba waongezewe.

Mama mmoja, Loice, aliyeishi upande wa pili wa mto, alisema, "Mama Kemuma, jikoni kwangu ni aibu. Njoo unisaidie."

Wiki iliyofuata Kemuma alivaa leso yake nzuri, akavuka mto, Jemimah akimshika mkono. Walipofika, Loice alifungua mlango huku akiomba radhi. Kemuma alichungulia ndani kwa muda mrefu. Kisha akavuta kigoda, akakiweka katikati ya ua, akaketi.

"Haya, Loice," alisema. "Lete mikeka."